Mlango wa Kutokea: Jinsi Seli za Kinga Zinavyobeba na Kutua Mzigo wa Lehemu

Kisiwa cha Tangier kiko katika Ghuba ya Chesapeake, jimbo la Virginia, Marekani. Ni kipande cha ardhi tambarare kilichoinuka kidogo tu juu ya maji, na wakazi wake wachache huishi kwa kuvua kaa na chaza. Koo chache zilizohamia huko zamani zimeoana kizazi baada ya kizazi. Karibu na mwaka 1960 mtoto wa kiume wa miaka mitano kutoka kisiwani humo aliwashangaza madaktari kwa jambo lililoonekana dogo. Tezi zake za kooni, zile zinazovimba mtoto anapougua mafindofindo, zilikuwa kubwa mno na zilikuwa na rangi ya chungwa.

Habari zake zilimfikia Donald Fredrickson, mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huko Bethesda. Tezi zile zilipochunguzwa zilikutwa zimejaa lehemu, hii ambayo wengi huiita kolesteroli. Dada yake alikuwa na hali hiyohiyo. Kilichowatatiza watafiti ni damu ya watoto hawa. Mtu angetarajia lehemu iwe imefurika ndani yake, kumbe ilikuwa kidogo kuliko ya watoto wengine, na ile aina tunayoambiwa ni nzuri, HDL, karibu haikuwepo kabisa. Mwaka 1961 ugonjwa huo uliandikwa kwenye majarida ya tiba kwa jina la kisiwa chao. Lehemu ya watoto wa Tangier haikuwa imepotea. Ilikuwa imekwama ndani ya seli za kinga zilizotapakaa kooni, kwenye bandama na kwingineko mwilini, nazo zilikuwa zimeshindwa kuitoa.

Nauanza mjadala huu kwa watoto wale kwa makusudi. Mtu akiambiwa hospitalini kwamba lehemu yake iko juu, swali la kwanza atakaloulizwa ni anakula nini. Swali hilo ni la haki na halipaswi kuachwa. Hata hivyo linahusu kinachoingia peke yake, na kwa miaka mingi elimu ya lehemu tuliyopewa wananchi imeishia hapohapo. Ukitaka kujua kwa nini mishipa ya moyo huziba, na hata kwa nini kifua kikuu hudumu mapafuni, ni lazima uulize pia lehemu inatokaje.

Mzigo usiochomeka

Lehemu si sumu. Kila seli ya mwili wako inaihitaji kwenye utando wake, ngozi ile nyembamba inayoizunguka, ili utando usiwe laini mno wala mgumu mno. Homoni za uzazi hutengenezwa kutokana nayo, na asidi za nyongo pia. Mwili hujitengenezea wenyewe sehemu kubwa ya lehemu yake, na ini ni mmoja wa mafundi wakuu wa kazi hiyo.

Tatizo la lehemu ni kwamba haichomwi. Wanga tunauchoma tukapata nguvu, mafuta ya kawaida tunayachoma, na njaa ikizidi hata protini za misuli huchomwa. Lehemu imejengwa kwa pete nne za kaboni zilizoshikana, na hakuna seli ya binadamu inayoweza kuzivunja pete hizo ili ipate nishati. Njia kuu ya kuiondoa mwilini hupitia kwenye ini, ambalo huigeuza kuwa asidi za nyongo au huimwaga ilivyo ndani ya nyongo, ikashuka utumboni na kutoka na choo. Seli iliyoko mbali na ini ikipokea lehemu kuliko inayoihitaji, basi haina budi kuihifadhi au kumkabidhi msafirishaji aipeleke kwenye ini.

Sasa fikiria seli ambayo kazi yake ni kula. Makrofaji ni aina ya seli nyeupe zinazokaa karibu kila kona ya mwili. Mrusi Ilya Metchnikoff alianza kuielewa kazi ya seli za namna hii mwaka 1882 huko Messina, Italia, alipochoma miiba kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza. Viluwiluwi hivyo ni angavu, mtu huona hadi ndani, na asubuhi yake alikuta seli zimeuzunguka mwiba kama zinazotaka kuumeza. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Makrofaji humeza bakteria, na zaidi ya hao humeza maiti za seli zetu wenyewe. Kila seli nyekundu iliyozeeka inayomezwa kwenye bandama huja na utando wake, na utando huja na lehemu yake. Kwa hiyo makrofaji hupokea lehemu kila siku ya maisha yake, hata ya mtu asiyewahi kuonja chipsi.

Anayekula hivyo lazima awe na njia ya kutoa.

Fumbo la Dallas

Uhusiano wa lehemu na ugonjwa wa mishipa ulianza kuonekana wazi mjini St. Petersburg, Urusi, mwaka 1913. Nikolai Anitschkow, aliyekuwa daktari kijana wakati huo, pamoja na mwenzake Semen Chalatow, waliwalisha sungura lehemu iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti. Kuta za mishipa ya sungura wale ziliota madoa ya mafuta kama yale yanayoonekana kwa binadamu. Anitschkow alipoyatazama kwa hadubini aliona seli kubwa zilizojaa matone mengi madogo ya mafuta hata zikaonekana kama zimejaa povu. Leo huitwa seli za povu, na tunajua kwamba nyingi kati yake ni makrofaji.

Zinaingiaje huko? Lehemu haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo husafiri kwenye damu ikiwa imefungwa ndani ya chembe zenye protini kwenye ganda lake. Chembe za LDL huibeba kuipeleka kwenye seli. Zikiwa nyingi kwenye damu, baadhi hupenya chini ya tabaka la ndani la mshipa na kunasa humo. Mwili huziona kama uchafu, ukapeleka makrofaji kuusafisha. Mpaka hapo kila kitu kinakwenda kama inavyotakiwa.

Joseph Goldstein na Michael Brown, wawili waliofanya kazi pamoja mjini Dallas, Texas, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, ndio walioonyesha jinsi seli za kawaida zinavyoipokea LDL. Zina kipokezi maalumu kwenye utando wao kinachoikamata chembe na kuivuta ndani. Seli ikishiba, hupunguza vipokezi vyake. Kuna breki. Walikigundua kipokezi hiki kwa kuchunguza familia zenye lehemu nyingi mno kwa kurithi. Mtoto aliyerithi kasoro kutoka kwa baba na mama hana kabisa, au karibu hana kabisa, kipokezi cha LDL kinachofanya kazi, na anaweza kupata mshtuko wa moyo hata kabla ya kufika miaka 20. Kazi hiyo iliwapa Nobel mwaka 1985.

Hapa ndipo fumbo lilipozaliwa, na kwangu ni moja ya mafumbo mazuri kuliko yote katika tiba. Watoto wasio na kipokezi cha LDL hata kimoja walikuwa na mishipa iliyosheheni seli za povu. Ikiwa mlango wa LDL haupo, lehemu yote ile iliingilia wapi? Isitoshe, makrofaji zikiwekwa maabara pamoja na LDL safi, hazijai. Zinakula kidogo na kuacha.

Jibu walilitoa mwaka 1979. Waliibadilisha LDL kidogo kwa kemikali, wakaipa makrofaji, nazo zikaimeza bila kikomo hadi zikawa povu. Makrofaji ina milango mingine, vipokezi vya kuokotea taka, na milango hiyo haina breki. Seli hata ikishiba vipi, huendelea kupokea. Daniel Steinberg na wenzake wa San Diego, California, walikuja kuonyesha kwamba LDL inaweza kubadilika hivyo ikiguswa na seli za ukuta wa mshipa, hasa inapooksidika, kama mafuta ya kupikia yanavyooza kwa kukaa sana. Mlango mmojawapo unaopokea LDL iliyooza unaitwa CD36. Mlango huu si mgeni kwetu Afrika Mashariki: vimelea vya malaria aina ya falsiparamu huzifanya seli nyekundu zilizoathirika zing'ang'anie CD36 kwenye mishipa midogo, zisifike bandamani zikauawa.

Ndani ya seli

LDL ikishamezwa hupelekwa kwenye kifuko chenye asidi, humo kimeng'enya huikata lehemu kutoka kwenye asidi ya mafuta iliyofungwa nayo. Lehemu huru ni hatari ikizidi. Huvuruga tando za ndani za seli na inaweza kuiua. Kwa hiyo makrofaji huifunga upya na asidi ya mafuta na kuihifadhi kama tone. Matone hayo ndiyo povu la Anitschkow.

Watu wa Dallas waligundua jambo moja zaidi mwaka 1980 ambalo halisemwi mara nyingi. Matone hayo hayatulii. Seli huyavunja, ikayafunga tena, ikayavunja, mchana na usiku, ikiteketeza nishati yake kwa kazi isiyoonekana kuwa na faida. Faida ilionekana pale walipoweka HDL kwenye maji yaliyozizunguka seli. Matone yakaanza kupungua. Kumbe seli huishika lehemu yake ikiwa tayari kuikabidhi wakati wowote, na kinachokosekana ni wa kuipokea nje. John Glomset wa Seattle alikuwa ameshaeleza mwaka 1968 kwamba ipo njia inayorudisha lehemu kutoka pembezoni mwa mwili hadi kwenye ini.

Mlango wenyewe ulipatikana mwaka 1999, miaka karibu arobaini baada ya tezi za Tangier. Vikundi vitatu vya watafiti, vya Kanada, Ujerumani na Ufaransa, vilikimbizana hadi vikachapisha mwezi mmoja kwamba wagonjwa wa Tangier wana kasoro kwenye jeni la protini iitwayo ABCA1. Protini hii imekaa kwenye utando wa seli na hutumia nishati kuisukuma lehemu nje, ambako hupokewa na protini nyembamba inayotengenezwa na ini na utumbo. Protini hiyo ikishapata lehemu ndiyo inageuka kuwa HDL changa. Mlango mwingine, ABCG1, huiongezea mzigo. Ikikomaa, husafiri hadi kwenye ini na kutua.

Kwa hiyo watoto wa Tangier hawakuwa na HDL kwa sababu hakuna lehemu iliyotolewa ya kuijenga. Protini tupu isiyo na mzigo huchujwa haraka na figo. Sababu na matokeo yalikuwa yamepinduka kichwani mwa kila mtu. Tulidhani HDL kidogo kwenye damu ndiyo tatizo, wakati ilikuwa ishara tu kwamba mlango umefungwa.

Makrofaji yenye afya huufungua mlango huu yenyewe. Lehemu ikijaa, sehemu yake huoksidika na kuamsha protini iitwayo LXR ndani ya kiini cha seli, nayo huamuru ABCA1 na ABCG1 zitengenezwe kwa wingi. Utaratibu huu una udhaifu mmoja unaoeleza mambo mengi. Makrofaji ikigundua bakteria au virusi, amri ya LXR huzimwa. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ishara za maambukizi huziba njia hiyo moja kwa moja. Seli iliyo vitani hufunga mlango wa kutokea, labda kwa sababu lehemu ndani ya tando zake huiongezea ukali. Kwa vita vya siku tatu hilo halina madhara. Kwa vita visivyokwisha, mzigo hubaki.

Dawa zilizoshindwa

Utafiti wa mji wa Framingham, Massachusetts, ulitangaza mwaka 1977 kwamba watu wenye HDL nyingi hupata magonjwa ya moyo kidogo. Tangu hapo ikaitwa lehemu nzuri, na wazo la kibiashara likajileta: tupandishe HDL kwa kidonge. Kampuni ya Pfizer ilitengeneza torcetrapib na kuijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 15,000. HDL ilipanda kwa asilimia 72. LDL ilishuka. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kwa sababu watu walikuwa wanakufa zaidi. Hesabu ya mwisho ilikuwa vifo 93 kwa waliopewa dawa, dhidi ya 59 kwa wasiopewa. Dawa ilipandisha pia shinikizo la damu. Baadhi ya nyingine za jamii hiyo nazo zilishindwa. Niasini, vitamini inayopandisha HDL, nayo haikusaidia. Mwaka 2012 uchambuzi wa jeni ulithibitisha kwamba kuna watu waliorithi HDL nyingi tangu kuzaliwa, na hawapungukiwi hatari ya mshtuko wa moyo hata kidogo.

Nafikiri somo la hapa lilikuwa mbele ya macho tangu Tangier. Idadi ya magari barabarani haikuambii mzigo unapakiwa kwa kasi gani bandarini. Dawa zile ziliongeza HDL kwenye damu, lakini hilo peke yake halikuthibitisha kwamba lehemu zaidi ilikuwa inatoka kwenye makrofaji. Ndiyo maana utafiti wa Dallas wa mwaka 2014 ulinivutia. Watafiti walichukua damu za watu 2,924, lakini badala ya kupima kiasi cha HDL, walipima uwezo wa damu hiyo kuivuta lehemu kutoka kwenye makrofaji hai. Wakawafuatilia kwa zaidi ya miaka tisa. Robo ya watu wenye uwezo mkubwa zaidi walikuwa na hatari ya magonjwa ya moyo na kiharusi pungufu kwa asilimia 67 kuliko robo ya mwisho, hata baada ya kuondoa tofauti za HDL yenyewe. Kipimo hicho kinahitaji seli hai za maabara, kwa hiyo hakijafika kwenye hospitali ya mkoa wala ya wilaya. Kwa sasa kipimo cha kawaida cha mafuta kwenye damu ndicho tulicho nacho, na mtu akisoma HDL yake iko juu asidhani amepewa kinga.

Jaribio kubwa la karibuni lilikuwa la kuwachoma wagonjwa protini ileile inayopokea lehemu kutoka ABCA1, mara baada ya mshtuko wa moyo. Zaidi ya watu 18,000 walishiriki. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 hayakufikia lengo. Dawa zinazoamsha LXR moja kwa moja nazo zilijaza mafuta kwenye ini. Mlango wa kutokea unajulikana, sura yake imechorwa, ufunguo wake haujapatikana.

Wakati huohuo seli za povu kwenye mshipa hazikai kimya. Lehemu ikizidi huganda na kuwa fuwele zenye ncha kali ndani ya seli. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba fuwele hizo huchokoza mfumo wa tahadhari wa makrofaji, ikatoa kemikali za uvimbe. Uvimbe huita makrofaji zaidi, zikameza lehemu zaidi, na uvimbe wenyewe kama tulivyoona hufunga mlango wa kutokea. Nyingine hufa papo hapo na kuacha lundo laini katikati ya uvimbe wa mshipa. Utando unaolifunika lundo hilo ukichanika, damu huganda juu yake, na huo ndio mshtuko wa moyo wenyewe. Mwaka 2017 jaribio lililoongozwa na Paul Ridker wa Boston kwa wagonjwa 10,061 lilionyesha kwamba dawa ya kuzuia kemikali mojawapo ya uvimbe ilipunguza mishtuko na viharusi kwa asilimia 15, bila kushusha lehemu. Lakini maambukizi ya kuua yaliongezeka. Seli ile ile inayoharibu mshipa ndiyo inayotulinda na vijidudu, na huwezi kuituliza huku ukaiacha ikali kule.

Makrofaji za Afrika Mashariki

Kuna wanaodhani habari hii ni ya wazungu waliozeeka wakila siagi. Watafiti wa awali waliolichunguza jambo hili kwetu waliondoka na picha iliyochanganyika. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, aliwachunguza Wamasai wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wanaume wanaoishi kwa maziwa na nyama, huku lehemu yao ya damu ikiwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zikiwa adimu. Mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamasai waliofariki. Kuta za mishipa zilikuwa zimenenepa, na madoa ya mafuta yalikuwepo, kama kwa Wamarekani. Tofauti ni kwamba mishipa yao ilikuwa imepanuka na umri, ikaacha nafasi ya kutosha kwa damu kupita. Mann aliamini kutembea kwao kwingi ndiko kulikowapanulia mishipa. Seli za povu, yaani, zilikuwa zimeshafika kwao. Sijui mtu wa kwetu anayeweza kusoma utafiti ule na bado akasema ugonjwa huu hautuhusu.

Uhusiano wetu mkubwa zaidi na makrofaji iliyojaa lehemu uko mapafuni. Bakteria wa kifua kikuu wakivutwa na hewa, makrofaji huwameza. Wengi wao hawafi. Hukaa ndani ya seli iliyotumwa kuwaua na kuigeuza kuwa seli ya povu, karibu sawa na ile ya mshipa wa moyo. Kisha hufanya jambo ambalo seli yetu haiwezi: wanazivunja pete za lehemu na kuzila. Mwaka 2008 Amit Pandey na Christopher Sassetti wa Massachusetts walionyesha kwamba bakteria walioondolewa kifaa cha kuvuta lehemu hushindwa kudumu kwenye mapafu ya panya. Walikua vizuri mwanzoni, wakashindwa pale kinga ilipowabana na chakula kingine kikaadimika. Lehemu ni akiba yao ya kujificha miaka.

Makrofaji za povu zikifa katikati ya kidonda cha kifua kikuu huacha lundo lenye lehemu nyingi, na lundo hilo likipasukia kwenye njia ya hewa, mgonjwa hukohoa na kuwaambukiza wa nyumbani mwake. Kwenye moyo lundo hilo huishia kwenye donge la damu. Kwenye pafu huishia hewani. Chanzo ni seli moja iliyoshindwa kutua mzigo. Kwa panya, dawa za statini, zinazopunguza utengenezaji wa lehemu, zimesaidia dawa za kifua kikuu kufanya kazi haraka zaidi, na majaribio kwa wagonjwa yamekwisha kufanyika, Nigeria ikiwa mojawapo ya nchi hizo. Ni mapema kumshauri mgonjwa yeyote ameze statini kwa ajili ya kikohozi. Si mapema kwa vyuo vyetu vya tiba kuifanya kazi hii kuwa ya kwao, maana wagonjwa wako hapa.

Kisha kuna virusi vya Ukimwi, vinavyoishi ndani ya makrofaji pia. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba protini yao iitwayo Nef huikamata ABCA1, ule mlango wa Tangier, na kuufanya usifanye kazi. Virusi vinahitaji lehemu kwa ajili ya ganda la watoto wao, na mlango ukifungwa lehemu hubaki kwa matumizi yao. Maabara zimeona makrofaji zenye virusi zikigeuka seli za povu. Watu wanaoishi na virusi hivyo hupata magonjwa ya moyo mara mbili hivi zaidi ya wengine, hata dawa zinapokuwa zimevifubaza virusi vikaacha kuonekana kwenye vipimo. Sababu ni nyingi, zikiwemo uvimbe usiokwisha na baadhi ya dawa za zamani, lakini huu mlango uliofungwa umo.

Kwa ajili yao kulifanyika jaribio lililoitwa REPRIEVE, kwenye nchi 12, Uganda ikiwemo. Watu 7,769 wenye umri wa miaka 40 hadi 75, wote wakiwa kwenye dawa za ARV na wala wasihesabiwe kuwa kwenye hatari kubwa ya moyo, walipewa pitavastatini au kidonge kisicho na dawa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana, na mwaka 2023 likachapishwa: mishtuko ya moyo, viharusi na matukio kama hayo yalipungua kwa asilimia 35. Statini haifungui ABCA1 wala haimgusi Nef. Inapunguza LDL inayoingia kwenye ukuta wa mshipa, ikaipa makrofaji yenye mlango mbovu mzigo mwepesi kidogo.

Marekani imeshaibadilisha miongozo yake kutokana na matokeo hayo, na sehemu ya watu walioyatoa walikuwa wagonjwa wa Uganda. Statini za kawaida kama atorvastatini na simvastatini zimekwisha muda wa hataza na zinatengenezwa kwa bei nafuu. Mtu wa miaka 50 anayekwenda kliniki ya matunzo na tiba (CTC) ya Temeke, au kliniki ya Kisumu au Mbarara, kuchukua ARV zake angepaswa kupimwa shinikizo la damu na mafuta kwenye damu dirisha lilelile, na akistahili, statini iwekwe kwenye mfuko uleule wa dawa. Hilo halihitaji mashine mpya wala ugunduzi wowote unaosubiriwa. Linahitaji wizara za afya za nchi zetu ziandike waraka, ziagize dawa, na kuwafundisha wauguzi ambao tayari wanawajua wagonjwa hao kwa majina.